Mtori Ulipoa Ng'ambo

Desemba ikifika, Moshi hujaa watu waliorudi kuhesabiwa nyumbani. Wa Dar, wa Mwanza, wa huko kwenye baridi, wote hupandisha mlima, na kabla ya kupandisha hupita Memorial, soko la mitumba, kutafuta cha kuvaa. Hapo ndipo Bernadetha wa Kilema, Desemba ya elfu mbili na tatu, alipolishika koti la kijivu.

"Dada, hilo koti lina mwenyewe."

"Nani?"

"Mimi, mpaka utakapolinunua."

Aliyesema hivyo aliitwa Wenseslaus, Mrombo wa Tarakea, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa kama la mwalimu, kasimama juu ya meza katikati ya lundo la nguo. Sokoni walimwita Wense. Bernadetha alivaa gauni la kitani la rangi ya udongo na hereni ndogo za fedha. Alionekana tu kuwa katoka mbali. Aliingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kikaratasi, akacheka peke yake.

"Umeokota dola?"

"Tiketi ya basi. Ya mji ninaosoma, Uswidi."

"Unaona? Koti limekufuata mpaka huku. Utaliachaje?"

Bernadetha alikuwa mtu wa mabishano. Miaka saba alikuwa Uswidi akisomea mambo ya maji, na kila Jumamosi Watanzania wa kule walikutana kwa mmoja wao, wakasonga ugali, wakaitengeneza nchi upya: nani kauza viwanda, nani kala, chama gani kingefaa. Mbele ya Wazungu aliitetea Tanzania kama mama yake mzazi. Mbele ya wenzake aliisema kama mama wa kambo. Basi akamwambia Wense kwamba mitumba ndiyo iliyoua viwanda vyetu vya nguo.

"Inawezekana," Wense akajibu. "Mimi nimevaa kaptura ya kiwanda chetu. Moja, darasa la kwanza mpaka la nne. Nyuma ilikuwa na madirisha mawili. Na hilo gauni lako, mrembo, limeshonwa hapa Moshi?"

Meza za jirani zikacheka. Bernadetha alilichukua koti bila kubishania bei, akaacha na namba yake ya simu.

Mapenzi yao yalikwenda kwa simu. Kilema mtandao ulishika karibu na kanisa la misheni tu, kwa hiyo kila jioni majirani walimwona binti wa Mzee Thadeus akielekea kanisani, wakamsifu kwa uchaji.

"Umekula nini leo, mama Ulaya?"

"Machalari, ndizi na nyama. Mama kanishindilia mpaka sipumui."

"Nenepa kidogo. Bibi yangu hapendi mtu wa kupeperushwa na upepo."

"Bibi yako ananijua?"

"Anakujua kuliko mimi. Kila siku ya gulio, nikienda sokoni kwao, namsimulia wewe tu. Wiki hii twende akulishe."

Kwao Wense, msichana hakuposwa kabla bibi hajamlisha kwa mkono wake. Na bibi huyo alikaa ng'ambo, Illasit, upande wa Kenya, alikoolewa zamani. Hilo halikumsumbua mtu. Siku ya gulio watu wa Rombo huvuka na maharage na ndizi zao kama wanaovuka mfereji kati ya kihamba kimoja cha migomba na kingine.

Walifika Tarakea asubuhi. Ofisa wa mpakani, aliyemjua Wense tangu utoto, alipunga mkono tu.

"Piteni. Shemeji karibu."

Bernadetha akasimama mbele ya kile kizuizi.

"Umesahau nini?" Wense akauliza.

"Sijasahau kitu. Sivuki."

"Huvuki?"

"Sivuki, Wense."

Wense alimtazama viatu, akatazama tope, akatazama moshi wa majiko ya kule. "Ni tope? Au ni jiko la kuni? Bibi yangu kaamkia kwenye chungu cha mtori wa ndizi kwa ajili yako."

"Siyo hivyo, mpenzi."

"Basi vipi?"

Mama mmoja mwenye gunia la maharage akafoka nyuma yao: "Vukeni au pisheni!"

Wense akavuka peke yake. Mtori ulikuwa umepoa. Akala wake, akala na wa Bernadetha, huku bibi anamwangalia.

"Huyo msichana ana meno?"

"Anayo, Bibi."

"Basi mbona hakuja kula?"

Asilolijua Wense ni hili: mwezi wa tano Bernadetha alichukua uraia wa Uswidi, na Tanzania haimruhusu mtu kushika nchi mbili. Hakufanya kwa chuki. Kila alipopita viwanja vya ndege vya Ulaya na pasipoti ya Tanzania, wenzake walipita, yeye akawekwa kwenye benchi. Mara ya tatu alikuwa njiani kwenda kuwaeleza wataalamu juu ya mifereji ya kwao Kilema, ile iliyochimbwa na babu zake. Alipoachiwa, mkutano ulikuwa umekwisha. Akaona heri apate njia fupi. Desemba alishuka uwanja wa KIA kwa viza ya kuingia mara moja, akiulizwa na kijana wa umri wake amekuja kutembea kwa muda gani. Kwao hakumwambia mtu. Pale kizuizini, kuonyesha pasipoti kungemaliza viza na kufichua siri, na kupita kwa kupungiwa mkono kungekuwa kujifanya raia. Mzee Thadeus bado aliwatangazia watu, kila baada ya misa, kwamba binti yake anarudi kulijenga taifa.

Siku zile Wense alizima simu. Bernadetha akachoka kusikia namba haipatikani, akashuka Memorial na koti lake la kijivu, akamweleza yote pale pale mezani. Wense aliendelea kukunja suruali.

"Ungesema una mume huko," akasema mwisho, "ningejua pa kukasirikia. Sasa nimkasirikie nani? Uswidi?"

"Nikasirikie mimi."

"Nimejaribu. Sikuweza." Akaweka suruali chini. "Basi nikuoe. Mwanamke mgeni akiolewa na Mtanzania, anaomba uraia. Umerudi, kwisha."

"Nikuchukue wewe ili nipate kitabu cha pasipoti?"

"Ndiyo njia fupi."

"Na ile ya Uswidi niliichukua kwa sababu ilikuwa fupi. Hapana, Wense. Wewe si dirisha la uhamiaji." Akageuka, akaondoka, na Wense hakumfuata.

Gulio lililofuata, Wense akiwa kwa bibi yake, simu ililia.

"Uko wapi?"

"Ng'ambo. Wewe je?"

"Tarakea. Mwambie bibi apashe mtori."

Alikuwa kwenye msururu wa akina mama wa maharage, kalivaa lile koti maana ukungu ulikuwa umeshuka. Ofisa akapunga mkono. "Pita, shemeji."

Bernadetha akatoa pasipoti yake, akaiweka mezani mbele ya wote. "Gonga."

Ofisa akaifunua, akaifunga, akashusha sauti. "Dada, mimi sijaiona hii. Pita tu. Nikigonga, viza yako imekwisha. Utarudi kwenu kwa kuomba, kama mgeni."

"Ndivyo nilivyo kwa sasa. Gonga, kaka."

Muhuri ukalia.

"Kumbe Mzungu!" mama mmoja akasema.

"Mzungu gani mwenye pua ya Kilema? Si mtoto wa Thadeus huyu?" mwenzake akadakia.

Bernadetha alilisikia. Alijua neno hilo litapanda mlima na ndizi, na kabla ya misa ya Jumapili litakuwa limefika kwa baba yake. Akavuka. Upande wa pili wakagonga tena.

Bibi hakuuliza habari za vitabu. Alipokea shikamoo yake, akamjazia bakuli, akamlisha kijiko cha kwanza kwa mkono wake. Mtori ulikuwa wa moto, Bernadetha akaungua ulimi, akameza.

"Anayo meno," bibi akasema.

Jioni walirudi kizuizini. Watu wa Rombo walipita na vikapu vyao vitupu, bila kuulizwa. Bernadetha akaenda kusimama upande wa dirisha la viza, na Wense akasimama nyuma yake.

"Wewe Wense, unatafuta nini hapo?" ofisa akamwita. "Pita uende kwenu."

"Niache kwanza, afande. Bibi ameshamlisha. Kuna kitu namwuliza huyu, na hajanijibu."

Foleni ya wageni jioni ile ilikuwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa Mrombo.