Betri za Mtu Mmoja

Mjomba wangu, fundi umeme mbishi kupindukia, anaishi peke yake kwenye boti yake ziwani. Habari hii ni yake. Siiongezei chumvi, maana haihitaji.

Mchana mmoja, akiwa mbali na bandari, injini ilizima na maji yakaanza kuingia chini ya sakafu. Ukungu ulikuwa umetanda. Akampigia rafiki yake simu.

"Vumilia mpaka asubuhi, kaka," rafiki akamwambia. "Sasa hivi hatuoni hata pua zetu."

Mjomba hakubabaika. Pampu ya kutoa maji ilikula ampea tatu za umeme, na betri zilikuwa zimejaa. Akazima jokofu, redio na taa zote, akapiga hesabu: zingefika asubuhi na chenji juu. Tangu mkewe afariki, hesabu zake zote zilikuwa za mtu mmoja.

Jioni akatazama mita. Ampea tano.

Akaizima pampu kidogo apime. Mbili zilibaki, zikiliwa na kitu kingine. Akaiwasha upesi. Kwa mwendo ule betri zingekata usiku, na boti ingezama naye.

Akaenda mbele akipapasa ukuta. Chini ya mlango wa chumba cha kulala palikuwa na mwanga.

Chumba kile hakuwahi kukifungua tangu msiba. Mkaza mjomba hakuogopa kitu duniani isipokuwa giza. Miaka yote walizozana: yeye anawasha taa, mjomba anazima, eti betri.

Akashika kitasa. Kilikuwa na joto la mkono.

Akakiachia. Maji yalisikika yakicheza chini ya mbao.

"Bibie," akanong'ona. "Nakuomba. Zima. Nitazama."

Akatega sikio mlangoni.

Kisha kitanda kikalia. Nyayo zikaja mpaka mlangoni, taratibu. Mwanga ukazimika. Pampu ikapata nguvu.

Mjomba akaketi palepale sakafuni, mgongo mlangoni, akalia mpaka kukakucha. Hakulilia boti. Alijua upande wa pili kuna mtu anaogopa, na yeye ndiye aliyemwomba akae gizani.

Rafiki yake alipofika, ndiye aliyekifungua chumba. Vumbi lilikuwa limejaa kila mahali, kitandani, dirishani, hata kwenye swichi. Nyuma ya mlango tu, upande wa ndani, ndipo palipokuwa pamefutika, chini kabisa, upana wa mgongo wa mtu aliyeketi.