Sifuri Saba za Jumapili

Asubuhi zetu zilianza na ng'ombe. Kabla jua halijachomoza juu ya mto Susquehanna, Baba alikuwa amekwisha washa taa ya zizi, na mimi na kaka yangu Nevin tulikuwa juu ya vigoda vyetu tukikamua. Baridi iliuma nje, lakini ubavu wa ng'ombe ulikuwa na joto, nami nilizoea kuuegemezea paji la uso. Mpaka leo nikisikia harufu ya maziwa mabichi narudi kule, namsikia Baba akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, asije akawashtua ng'ombe. Mwaka huo, 1968, nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Uwanja wa ndege ulikuwa ng'ambo ya mto. Ndege zilizokuwa zinakwenda kutua zilipita juu ya mahindi yetu, chini sana, hata kuku wakakimbilia uvunguni mwa mkokoteni. Sisi tulizizoea. Mama alikuwa akinyamaza katikati ya sentensi, anangoja ndege ipite, kisha anaendelea pale pale alipoachia.

Mwezi wa Septemba, mhandisi mmoja aliyeitwa Bwana Sabol alikuja darasani kwetu. Alituambia kwamba kando ya mto patajengwa mtambo wa umeme wa nyuklia.

"Jengo lile litakuwa na vitu ambavyo havitakiwi kutoka nje hata siku moja," alisema. "Kwa hiyo kabla ya kujenga tunajiuliza, je, ndege ikiliangukia?"

"Kwani zitaanguka?" aliuliza Dwight, mvulana aliyependa kusema kabla ya wengine.

"Naomba Mungu zisianguke, lakini lazima tupige hesabu. Tunahesabu ndege ngapi zinapita kwa mwaka. Tunatazama katika safari nyingi sana, ni ngapi huishia kwa ajali karibu na uwanja. Tunapima na ukubwa wa jengo. Tukizidisha yote hayo, tunajua hatari ni kiasi gani. Halafu tunauliza uzito wa ndege yenyewe. Ndege ndogo ikigonga ukuta mnene wa zege, ni yai limegonga jiwe. Ndege kubwa ya injini nne, hapo sasa jiwe ndilo linagonga yai."

Uwanjani, alituambia, waliandika ndege zilizotua tu. Zile zilizoshuka, zikazunguka juu ya mto na kuondoka, hazikuandikwa na mtu. Alitaka wanafunzi sita wanaokaa chini ya njia ya ndege waziandike kwa wiki nane. Mimi nikawa mmoja wao, na Dwight pia, kila mmoja na kipande chake cha anga. Tulipewa karatasi zenye mstari mmoja kwa kila siku, na nafasi tatu: ndege ndogo, injini mbili, injini nne. Siku za shule tuangalie kuanzia tukitoka darasani mpaka jioni. Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa sita mchana mpaka saa kumi. Atakayefanya vizuri kuliko wote atapandishwa mnara wa waongoza ndege.

Nilinyoosha mkono niulize habari ya Jumapili. Kwetu, siku hiyo hatukufanya kazi yoyote ila kukamua na kulisha wanyama. Dwight akaniwahi.

"Bwana, huyu Erma Jumapili haruhusiwi! Kwao hata kupiga chafya Jumapili ni kazi!"

Darasa zima likacheka. Nikateremsha mkono, nikajifanya najikuna sikio.

Jumapili ya kwanza tulikwenda ibadani, na kutoka hapo tukapanda gari kwenda kwa Bibi, nyuma ya vilima, kama kawaida. Tulikula kuku na tambi alizokata kwa mkono wake, na pai ya tufaha. Watu wazima wakasinzia vitini. Tukarudi nyumbani saa ya kukamua. Jumatatu, mstari wa Jumapili ulikuwa mtupu ukinitazama. Nikachukua penseli nikaandika sifuri moja ndefu iliyofunika nafasi zote tatu.

Nevin alichungulia begani kwangu. "Umejuaje?"

"Jumapili watu wanapumzika. Na marubani nao wana kanisa."

"Ee, na ndege nazo zinaimba tenzi, siyo?"

"Toka hapa!"

Kusema kweli, niliamini nusu ya maneno yangu. Nilidhani dunia nzima ilitulia kama tulivyotulia sisi. Siku nyingine zote niliandika kwa uaminifu, hata mvua ikininyeshea. Lakini Jumapili saba zilipita, na zote saba nikaziandikia sifuri.

Jumapili ya nane, ng'ombe wetu Topsi alishikwa na uchungu wa kuzaa na ndama alikuwa amekaa vibaya. Mama na Nevin wakaenda kwa Bibi. Baba akaniambia nibaki, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa midogo, ingeweza kumgeuza ndama tumboni.

"Hii siyo kazi, Baba?"

"Bwana Yesu alisema ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya sabato, utamtoa. Shika kamba hiyo, binti."

Ndama alitoka mzima saa sita mchana. Tulikuwa kwenye bomba tukinawa damu niliposikia mngurumo. Ndege ya kijivu, kubwa, yenye injini nne, ilitokea juu ya mahindi. Ilishuka mpaka nikaona magurudumu yake, ikapinda juu ya mto, pale pale palipopigwa vigingi vya mtambo, kisha ikapanda tena na kuzunguka. Nyuma yake ikaja ya pili.

"Hao ni askari wa akiba," alisema Baba. "Siku za kazi wanauza viatu na kufundisha shule. Nafasi ya mazoezi wanaipata Jumapili."

"Jumapili hii tu?"

"Kila Jumapili tangu majira ya kupanda. Nilisikia kwa muuza mbegu. Mbona umebadilika uso?"

Nilisimama pale nikahesabu mpaka saa kumi. Zilipita mara kumi na nne.

Jioni nilimweleza Nevin. Akafikiri kidogo. "Andika kumi na nne za leo, zile nyingine ziache. Nani atajua? Bwana Sabol anakusanya kesho, na mnara utaupanda."

Nililala vibaya. Niliwaza watu wote wa pande zile za mto, waliokuwa wakila na kulala wasijue kwamba ukuta wao ulikuwa unapimwa kwa sifuri zangu. Asubuhi, tukiwa tunakamua, nilimwambia Baba yote. Mikono yake ilisimama, na maziwa yakaacha kulia kwenye ndoo. Nilingoja anikaripie.

"Ni vizuri umeniambia," alisema mwishowe. "Lakini mimi sijengi ukuta ule. Kamwambie anayejenga."

Bwana Sabol alikuwa ukumbini shuleni, anapanga karatasi zetu kwenye mkoba.

"Bwana Sabol, sifuri za Jumapili ni za uongo. Sikuwa nyumbani. Jana nilikuwepo nikaona injini nne, mara kumi na nne, na Baba anasema huja kila Jumapili."

Akavua miwani. "Mara kumi na nne? Kwa saa nne?" Akavuta kiti akakaa. "Erma, Ijumaa hii nilikuwa naenda kuwaambia wenzangu kwamba ndege kubwa hapa ni chache mno, tusihangaike nazo. Unaona?"

Machozi yakanitoka. "Niliona aibu kuacha mahali patupu."

"Ungeacha patupu, ningekuuliza kwa nini. Umeandika sifuri, ndiyo maana sikuuliza. Patupu maana yake sikuangalia. Sifuri maana yake niliangalia, hakuna kitu. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa."

Akachukua kalamu nyekundu, akakata sifuri zangu zote saba. Kuhusu mnara hakusema neno, na mimi sikuthubutu kuuliza. Mwishowe alipanda msichana mwingine, nami nilimwona akipunga mkono kutoka kule juu.

Mkutano wa Ijumaa uliahirishwa. Bwana Sabol alikwenda kambi ya askari wa akiba kuomba kumbukumbu zao. Zaidi ya hapo, Jumapili mbili mfululizo alikuja mwenyewe kukaa kando ya shamba letu kwenye kiti cha kukunja, na darubini shingoni. Baba hakupendezwa na kazi ile siku ya Bwana, ila alimwacha. Mama alimpelekea pai tamu ya molasi ya miwa.

"Dada, nisikuchoshe na leo ni siku ya mapumziko," alisema Bwana Sabol.

"Pai imeokwa Jumamosi," alijibu Mama. "Wewe kula."

Mwezi wa Novemba alirudi darasani. Alituambia kwamba hesabu imepigwa upya, ndege kubwa zikiwemo, na kwamba kuta na paa la jengo vitaongezwa unene ili viweze kustahimili ndege nzito. Kisha akainua karatasi yangu yenye mikato myekundu ili wote waione. Nilitamani sakafu inimeze.

"Hii ndiyo karatasi ninayoiamini kuliko zote," alisema, "kwa sababu mwenyewe alikuja akanionyesha ilipokosea."

Kisha kule nyuma mkono ukanyooka polepole. Ulikuwa wa Dwight, na masikio yake yalikuwa mekundu.

"Bwana, mimi Jumanne mbili nilikuwa nacheza mpira. Niliandika kwa kukisia tu."

Hakuna aliyecheka. Mkono mwingine ukanyooka, na mwingine tena. Bwana Sabol akaziandika siku hizo zote za kukisia, kisha akafunga daftari lake.

"Watoto," alisema, "asiyejua akisema hajui, tutamtuma mtu akaangalie. Lakini asiyejua akisema anajua, tutajenga juu ya neno lake, na watu watalala chini ya ukuta huo."

Baba aliposikia maneno yale jioni, aliitikia, "Amina."