Simu Juu ya Bega la Mama

Mwanakhamisi ameshona kanzu pale Ilula, kando ya barabara kuu, miaka thelathini. Malori yanapita, vumbi linaingia, yeye anashona. Sasa macho yamechoka. Hospitalini walimwambia ana mtoto wa jicho, asubiri zamu yake. Kutunga uzi kwenye sindano tu kunammaliza asubuhi nzima.

Na mwanawe Junaid anaoa Ijumaa ya wiki ijayo.

"Tununue kanzu ya dukani, mama."

"Baba yako alioa na kanzu ya nyumbani. Wewe uoe na ya dukani, nami nipo hai?"

Dada yake Junaid, Nasrin, yuko Mbeya, ana cherehani. Ila taraza, ile nakshi ya uzi inayozunguka shingo ya kanzu, hakuwahi kujifunza. Basi Junaid akakaa mbele ya mama, akamrekodi kwa simu akionyesha kifua na taraza, akatuma video Mbeya.

Siku ya tatu kanzu ya majaribio ikafika na basi. Mwanakhamisi akaipapasa kifuani.

"Kulia kumelala juu ya kushoto. Hiki kifua cha kike. Wewe ndiye bibi harusi?"

Junaid akacheka. Mama hakucheka.

"Nimechoka, mwanangu. Kazi hii acha ife na mimi."

Jirani yao Happy, bibi shamba wa kata, alikuwa ameleta nyanya. Akaomba aione video.

"Kosa si la Nasrin," alisema. "Junaid, ulikaa wapi?"

"Mbele yake."

"Ndiyo hapo! Mkono wa kulia wa mama, Nasrin anauona kushoto. Kaiga alichokiona. Hata mimi nilirekodi hivyo hivyo kufunga nyanya kwenye miti. Wakulima wakafunga kinyume, wakanicheka mpaka basi."

"Sasa tufanyeje?"

"Kaa nyuma yake. Simu iwe juu ya bega, ione anachoona yeye. Mikono tu, uso wa nini? Mwanga utoke dirishani. Hatua moja, video moja fupi. Na wewe Mama Nasrin, shika sindano kubwa na uzi mwekundu, hata macho yako yatauona. Kila unachofanya kiseme."

"Na malori haya?"

"Likipita, nyamaza. Likishapita, endelea."

Wakarekodi siku mbili, wakatuma Mbeya. Mgongo ulimuuma Mwanakhamisi. Mara tatu alisema basi, mara tatu akaendelea.

Jumatano kanzu ya pili ikafika. Akapitisha kidole gumba kifuani. Kushoto juu ya kulia. Akapanda shingoni, taratibu, mshono kwa mshono, mpaka mwisho wa uzi. Akatafuta fundo. Halikuonekana. Lilikuwa limefichwa ndani ya pindo, kama anavyoficha yeye.

"Hili la fundo sikulisema," alisema.

"Nasrin kaliona kwenye video, mama."

Mwanakhamisi akaikunja kanzu, akaiweka mapajani.

"Basi. Sasa naweza kupumzika."