Swali la Saba

Sindano aliruka ngazi tatu kwa mpigo, bastola yake ya Glock ikimgonga mbavuni.

Ghorofa mbili chini yake, mwanamume wa suti ya kijivu alikuwa akitimua mbio na sanduku la chuma.

Redio ya Motorola ilikwaruza sikioni.

"Uko wapi?" Alikuwa mkuu wake, ambaye kikosi kizima kilimwita Mjomba.

"Nyuma yake, Mjomba."

"Kikao kinaanza saa nne kamili, mwanangu. Bila sanduku tumekwisha."

Saa yake ya Casio ilionyesha saa nne kasoro dakika tisa.

Sandukuni mlikuwa na majibu ya wanafunzi mia nne, yasiyo na majina. Watafiti walikuwa wamepima jinsi shule inavyowachosha. Kampuni ya kigeni ilitaka kuiuzia serikali ratiba ya masomo ya saa kumi na mbili kwa siku, na kikao cha leo ndicho kingeamua. Kipimo kikionyesha watoto wako hoi, biashara imekufa. Ndiyo maana kampuni ilimtuma mtu abadilishe sanduku.

Mmoja wa wale mia nne alikuwa binti wa dada yake Sindano. Wiki iliyopita alizimia kwenye chumba cha mtihani, kalamu ingali mkononi.

Maegesho ya magari.

Suti ya Kijivu alikuwa ameshafungua buti la Toyota nyeupe.

"Mikono juu, kaka. Taratibu."

Aliinua mikono, akatabasamu. Butini mlikuwa na masanduku mawili. Rangi moja, kufuli moja.

"Chagua, dada. Moja lao, moja langu. Watafiti watahitaji siku mbili kuyatofautisha. Wewe una dakika ngapi?"

Sita.

Sindano alivunja kufuli zote mbili kwa koleo la mle butini, jicho moja kwa yule bwana. Akachomoa karatasi kumi huku, kumi kule.

Kalamu tofauti. Miandiko tofauti. Hata madoa ya chai. Jamaa alijua kazi yake.

Dakika nne.

Kisha akakumbuka maneno ya mtafiti mkuu, mama mmoja mpole mwenye miwani: "Maswali yote yanauliza kuhusu uchovu, isipokuwa la saba. Hilo tumeligeuza makusudi."

Akashusha kidole hadi la saba. *Asubuhi huwa natamani kwenda shule.*

Katika sanduku la kushoto, waliochoka walikataa, wasiochoka walikubali. Katika la kulia, watoto wote walisema hawajachoka hata kidogo, na wote walisema hawatamani kabisa kwenda shule. Alama ya kukataa ilishuka moja kwa moja, kutoka swali la kwanza hadi la mwisho.

"Shuleni ulikuwa wa ngapi, kaka?"

"Wa kwanza. Kila mwaka."

"Basi siku hizi husomi swali."

Tabasamu likakauka. Mkono wake ukachomoka kuelekea kiunoni.

Sindano alishusha mfuniko wa buti juu ya mkono ule. Kitu kilivunjika. Bastola ikaanguka kwenye lami, na pingu zikafuata.

Saa nne kasoro dakika moja, aliliweka sanduku la kushoto mezani kwa mwenyekiti wa kikao.

Karatasi ya binti yule ilikuwa humo. Hakuitafuta. Watoto waliahidiwa kwamba hawatajulikana.

Saa tano na nusu, Mjomba alisema neno moja redioni:

"Wameikataa."

Sindano alimpigia dada yake.

"Mwanangu anaendeleaje?"

"Amelala, mdogo wangu. Nimwamshe uongee naye?"

"Mwache alale, dada."

Akavaa miwani yake ya Ray-Ban na kutoka getini, bila haraka.