Kifua Alichokificha Tukuswiga

Kila asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, kabla hata ya kumwamkia mama yake, Tukuswiga alijifunga mpira kifuani. Ulikuwa mpira mweusi uliokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, ule ambao watu wa Kyela hufungia magunia ya mpunga, mikungu ya ndizi na kila kitu kinachoweza kukaa juu ya keria. Aliuzungusha mara mbili, akauvuta mpaka pumzi ikawa nzito, akafunga fundo ubavuni. Halafu alivaa fulana, juu ya fulana shati la shule, na juu ya shati sweta. Sweta, Kyela! Mahali ambapo hata kuku hutafuta kivuli saa tatu asubuhi.

"Mwanangu, una malaria?" mama yake, Keziya, alimuuliza siku moja akimshika paji la uso.

"Hapana, mama. Nasikia baridi tu."

Mama alitikisa kichwa, akarudi kwenye chungu chake cha ndizi. Tukuswiga alishika njia ya shule jasho likimtiririka mgongoni.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la saba katika kijiji kimoja cha kata ya Talatala. Miezi minne nyuma alikuwa amegusa kifua chake akioga, akakuta kitu kigumu chini ya chuchu ya kushoto, kidogo kama punje ya kakao. Kiliuma kikiguswa. Baada ya wiki chache kingine kiliota upande wa kulia. Vikakua. Ilipofika wakati wa kupanda mpunga, kifua chake kilikuwa kimeinuka kama cha wasichana wa darasani kwake.

Jumamosi moja, walipotoka kupanda mpunga, wavulana walivua mashati ili waoge kijitoni. Gwamaka, rafiki yake wa tangu wakiwa wadogo, ndiye aliyeona kwanza.

"Jamani, njooni muone! Tuku anaota matiti!"

Wote walicheka, na Gwamaka alicheka kuliko wote. Kufikia Jumatatu walikuwa wameshampa jina, Dada Tuku. Tangu siku hiyo hakuoga tena kijitoni, wala hakucheza mpira wa miguu, kwa kuwa pale shuleni timu moja huvaa jezi na nyingine hubaki vifua wazi. Alikaa pembeni akisingizia mguu unauma. Na usiku alijiuliza swali ambalo hakuthubutu kumuuliza mtu yeyote. Je, ninageuka msichana?

Ndipo akauona ule mpira, ukining'inia kwenye baiskeli ya baba. Alijiambia kwamba kama mpira unaweza kubana gunia la kilo mia likatulia, hautashindwa na vivimbe viwili. Aliuchukua bila kusema, akauficha chini ya godoro lake.

Baba yake, Ezra, alikuwa mkulima wa kakao na mpunga. Alikuwa mtu wa haki lakini mwepesi wa hasira, na hasira yake ilitangulia maswali. Alikuwa na mipira miwili ya kufungia mizigo. Siku ya kupeleka kakao kwenye chama cha ushirika aliona mmoja tu. Aliutafuta, akaukosa, akaamua kufunga gunia kwa huo mmoja. Alipofika kwenye daraja la magogo, baiskeli iliruka, gunia likateleza, likapasuka, na kakao aliyoianika juani wiki nzima ikamwagikia kwenye mtaro wa maji. Alirudi nyumbani na gunia nusu, matope mpaka magotini.

"Mpira wangu umeibwa," alisema. "Na anayeingia na kutoka hapa kila siku ni mmoja tu. Gwamaka!"

Tukuswiga alikuwa amesimama mlangoni. Mpira wenyewe ulikuwa mwilini mwake, umembana, na ulizidi kumbana kila alipovuta pumzi. Alifungua mdomo, akaufunga. Na hapa lazima tuseme ukweli wote, maana pembe moja ya moyo wake ilifurahi. Gwamaka alimcheka mbele za watu. Basi naye aonje.

"Twende," baba alisema. "Na wewe uje, uwe shahidi."

Gwamaka aliishi na bibi yake, Tulinagwe, mwanamke mwembamba aliyeheshimika kijiji kizima kwa kunyooka kwake. Walimkuta akipepeta mchele uani.

"Mugonile, mama," Ezra alisalimia, akiinama kidogo kwa heshima.

"Ndaga, mwanangu. Mbona matope?"

Ezra alieleza yote. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini, akamwita mjukuu wake.

"Gwamaka, umechukua mpira wa Baba Tuku?"

"Hapana, bibi. Haki ya Mungu sijauchukua."

"Katika nyumba hii hakujawahi kutoka mwizi," bibi alisema. Alinyoosha mkono, akachomoa fimbo kwenye paa la jiko. "Kama umechukua, sema sasa. Nitakusamehe. Ukificha, kuanzia leo hutakanyaga nyumba ya mtu, na kanisani nitakusimamisha mbele."

Gwamaka hakulia. Aligeuka akamtazama Tukuswiga. "Tuku, waambie. Kila nikija kwenu si tunakuwa wote? Umewahi kuniona nikishika baiskeli ya baba yako?"

Tukuswiga alitazama chini. Akiongea, watauona mwili wake. Akinyamaza, rafiki yake atakuwa mwizi kijiji kizima, na jina la mwizi halioshwi kijitoni. Bibi aliinua fimbo. Hapo Tukuswiga alishindwa kuvumilia.

"Bibi, usimpige!"

Alivua sweta. Akavua shati, akavua fulana. Akasimama pale uani kifua wazi, mchana kweupe, mpira mweusi umemzunguka mara mbili. Alilitafuta fundo ubavuni, na alipolifungua mpira ulibanduka na ngozi. Chini yake palikuwa na vidonda vyekundu, vingine vimetunga usaha. Juu ya vidonda yalionekana matiti mawili madogo yaliyovimba.

"Ni mimi, baba," alisema, akaanza kulia. "Nilikuwa nayabana yasionekane."

Fimbo ilidondoka mkononi mwa bibi. Ezra alimtazama mtoto wake, na hasira yote ikamtoka usoni, akabaki mtu aliyeogopa sana.

"Ee Kyala, Mungu wangu," alinong'ona. Alivua shati lake mwenyewe lenye matope, akasita, kisha akaokota fulana safi ya mtoto na kumfunika mabegani. "Tangu lini, mwanangu?"

"Miezi minne."

"Miezi minne! Na mimi nalala nyumba hiyo hiyo."

Kesho yake kwenye zahanati ya kijiji walisafisha vidonda, wakaandika barua ya kuwapeleka hospitali mjini Kyela. Tukuswiga alikaa kwenye keria, baba akaendesha kimya katikati ya mashamba ya mpunga. Kijana alishika tandiko la baba kwa mikono miwili. Alikuwa na hakika kwamba daktari atamwambia maneno ambayo hayatabadilika tena.

Daktari Yohana alikuwa kijana, mgeni wa wilaya hii, mwenye sauti ya chini. Alifunga mlango, akavuta pazia, akaomba ruhusa kabla ya kugusa. Hakucheka, wala hakushtuka. Alimuuliza kama anatumia dawa yoyote, kama kuna majimaji yanayotoka, kama anaumwa tumbo au kichwa, akamkagua mwili mzima baba akiwa pale pale. Halafu akamlaza kitandani kando ya mashine ya ultrasaundi.

"Jina lako maana yake nini?" alimuuliza akimpaka ute wa baridi kifuani.

"Kwa Kinyakyusa ni tunastaajabu, daktari."

"Basi tazama hapa."

Kwenye kioo palikuwa na vivuli vya kijivu. Daktari alipitisha kifaa upande mmoja, kisha wa pili, taratibu. "Hii ni ngozi. Hii ni nyama ya titi, imekua kidogo. Hakuna uvimbe mbaya hata mmoja. Umesikia, mzee? Hakuna." Ezra aliachia pumzi kwa kishindo mpaka muuguzi akageuka. Kisha daktari akatabasamu. "Nikuoneshe kitu ambacho hujakiuliza."

Alisogeza kifaa chini kidogo, kati ya mbavu. Kioo kikatikisika, na katikati ya vivuli kikatokea kitu kinachofumba na kufumbua, kinafumba na kufumbua, bila kupumzika.

"Ni nini?" Tukuswiga aliuliza, ingawa alikwisha kujua. Alikuwa akiusikia mwilini wakati huo huo akiuona.

"Moyo wako. Umeanza kazi hiyo kabla mama yako hajajua kama wewe ni mvulana au msichana, na haujawahi kupumzika hata dakika moja. Na wewe umeufunga mpira wa baiskeli."

Tukuswiga aliinua shingo, akakisogelea kioo. Alikuwa amekichukia kifua kile, amekibana, amekiombea kifutwe. Kumbe ndani yake mlikuwa na hili. Alitazama mpaka machozi yakamshuka masikioni, na hayakuwa machozi ya aibu. Baba yake naye alikuwa amesimama mdomo wazi, kofia mkononi kama mtu aliye kanisani.

"Sasa sikilizeni," daktari alisema, akimfuta ute. "Kila mvulana ana homoni za kiume nyingi na za kike kidogo. Balehe inapoanza, wakati mwingine zinapishana, na titi linavimba. Huitwi msichana kwa hilo, wala huwi. Karibu nusu ya wavulana hupitia hali hii."

"Nusu?" Tukuswiga aliinuka. Darasani kwao kulikuwa na wavulana ishirini na wawili.

"Nusu. Kwa wengi huisha yenyewe ndani ya miezi sita hadi miaka miwili. Usibane, usikamue, usipake dawa za kuambiwa. Vidonda utapaka hii, utavaa fulana ya pamba isiyobana. Utarudi kwangu baada ya miezi sita nikupime. Yakikua haraka au yakitoa majimaji, njoo mapema. Na kwa wale wachache ambao hayaishi, zipo dawa, upo hata upasuaji kwa madaktari bingwa. Hakuna mlango uliofungwa."

"Ndaga fijo, daktari," Ezra alishukuru kwa Kinyakyusa, akisahau kwamba mwenzake si wa huku. Daktari alielewa hata hivyo.

Walipofika kijijini, Ezra hakupinda kwenda nyumbani. Alisimama shambani, akakata mkungu wa ndizi mkubwa kuliko yote, akauweka begani na kwenda moja kwa moja kwa Bibi Tulinagwe. Tukuswiga alimfuata akishangaa. Gwamaka alikuwa uani akichonga mpini. Ezra aliutua mkungu mbele ya miguu ya kijana yule, si mbele ya bibi, akachutama mpaka macho yao yakalingana.

"Gwamaka, nilikuita mwizi. Nilikosa. Nisamehe."

Tukuswiga hakuwahi kumwona mtu mzima akimwomba mtoto radhi, sembuse baba yake. Alihisi tena kile alichokihisi mbele ya kioo cha hospitali. Akapiga hatua, akachutama kando ya baba.

"Nami nisamehe. Nilijua, nikanyamaza. Nilitaka uaibike kama nilivyoaibika."

Gwamaka alikwaruza mpini kwa kidole. "Mimi ndiye niliyeanza kucheka," alisema mwishowe. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza, "Huyo daktari anapima na wengine?"

"Nani mwingine?"

Gwamaka aliweka kiganja kwenye kifua chake, upande wa kushoto. "Mimi ni huku tu. Nilianza kabla yako. Siku ile kijitoni niliogopa watanitazama, ndipo nikapiga kelele wakutazame wewe."

Bibi Tulinagwe alishika mdomo kwa mikono miwili. Wale vijana wawili walitazamana, kila mmoja na siri iliyokuwa siri ya mwenzake.

"Inauma ukigusa?" Tukuswiga aliuliza.

"Kama jipu."

"Yangu pia. Daktari anasema karibu nusu yetu."

"Nusu!" Gwamaka alisema, na uso wake wote ukafunguka.

Ezra aliketi chini, kwenye udongo, kati yao. "Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Yenu hayakuwa hata maradhi. Lakini mmoja alificha akapata vidonda, kutoka vidonda akafika kwenye uongo, na uongo nusura umle rafiki yake. Mwingine alificha akageuka mchekaji. Na mimi nilifunga masikio kwa hasira, mtoto wangu akaona ni afadhali kuuambia mpira kuliko kuniambia mimi. Sote watatu tumejifunza. Mwili ukibadilika, semeni. Semeni kwa mzazi, kwa mwalimu, kwa daktari. Na mkimwona mwenzenu amebadilika, msimcheke, maana hamjui nani anaficha nini chini ya shati."

Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kisha akamgeukia bibi.

"Mama, Jumatatu nitampeleka Gwamaka kwa daktari. Njia nimeshaijua, na keria yangu inabeba."

"Mwambie akuoneshe moyo," Tukuswiga alimwambia rafiki yake. "Usiache kumwambia."