Kawa la Maganda ya Waya

Jirani zangu, na ninyi mnaosomewa kwa kuwa macho yamechoka, nawapa habari ya nyumba moja ya hapa Mabawa. Nilipanga chumba cha mbele katika nyumba hiyo miaka ile ya hamsini. Habari hii sikuhadithiwa na mtu. Niliiona.

Ilikuwa nyumba ya amani. Mwenye nyumba alikuwa Bi Mwanamkasi, mjane wa hapa hapa pwani, mwenye pumu na ulimi mwepesi. Chumba cha uani walikaa Tadeo na mkewe Bibiana, Wakatoliki kutoka Gare, huko milimani. Tadeo alikuwa msaidizi katika karakana ya shamba moja la mkonge nje ya mji. Alikuwa kijana mcheshi. Akiingia uani na baiskeli yake hujasikia kengele umeshasikia kicheko.

Siku hizo waya wa umeme wa mtindo mpya ulikuwa umeanza kuingia. Wa zamani ulivikwa mpira na kitambaa. Huu ulivikwa plastiki laini yenye rangi. Watu wa karakana waliruhusiwa kuchukua vipande vilivyobaki kazini. Tadeo akavileta nyumbani, shaba ya ndani akamuuzia mfua shaba mjini. Wengi waliokuwa na biashara hiyo waliuchoma waya ili shaba itoke upesi, na moshi wake mweusi ukiingia kifuani hautoki. Bibiana alikataa.

"Bi mkubwa ana pumu," alimwambia mumewe. "Nitaambua kwa mkono."

Akawa anatandaza waya juu ya bati juani mpaka plastiki inalainika, kisha anaipasua kwa kisu toka ncha hii hadi ile na kuivua kama ganda la muhogo uliochemka. Ilikuwa kazi ya kuchosha vidole. Bi Mwanamkasi alimtazama siku nyingi, na siku moja akaja na fungu la ukindu akaketi naye jamvini.

"Mwanangu, wewe umenihifadhia kifua changu. Mimi nitakufundisha kusuka. Haya maganda hayana haja ya kutupwa."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Ukindu na vipande vyembamba vya plastiki vilisukwa pamoja, vikatoka vikapu na makawa ya kufunikia chakula, mistari myekundu na myeusi ikizunguka. Alasiri uani palikuwa na raha.

"Mkono wako huo, Biba, unashika ukili kama unamkamata kuku."

"Akinitoroka nitakula nini, Bi mkubwa?"

"Utakula maneno ya mumeo. Yale hayeshi."

Tukacheka sote, na Tadeo akacheka kuliko sisi.

Sasa nisikilizeni, maana ndipo pabaya panapoanza. Tadeo alipenda kutazamwa. Mwenzake mmoja wa kazini alinunua gramafoni, na vijana wakawa wanajaa barazani kwake kila Jumapili. Tadeo akarudi nyumbani amenuna. Vipande vya karakana havikununua gramafoni. Alianza kusema waya ni mchache, dunia imekaa vibaya, watu wengine wamezaliwa na bahati yao.

Kisha siku moja akaja na gunia limejaa. Ndani yake mlikuwa na waya mnene, na kila uzi wa ndani una rangi yake: nyekundu, manjano, buluu. Bibiana hakuwa ameona manjano wala buluu kabla ya hapo. Alizishika kama mtu anayeshika kitambaa cha sikukuu.

"Umezitoa wapi hizi, Tadeo?"

"Wamevunja mashine ya zamani. Bwana meneja kasema chukueni."

"Zote hizi?"

"Mke wangu, unanihoji kama askari? Ambua."

Akaambua. Msimlaumu. Aliuliza, akajibiwa na mtu aliyesimama naye altareni.

Wiki ile ile habari zikatufikia kwamba pampu ya maji ya kambi ya wafanyakazi, kule shambani kwa kina Tadeo, imesimama. Wezi walikuwa wamekata waya wake. Waya mpya uliagizwa Ulaya, na meli haiji kwa kuitwa. Watu wa kambini wakawa wanachota kwenye bwawa linaloingiwa na maji ya machicha ya mkonge, maji yanayonuka kabla hujayafikia. Tadeo alitusimulia mwenyewe, anakula.

"Hao wezi hawana huruma," akasema, akamega tonge.

Ruthi, mdogo wake Bibiana, alikuwa akiishi kambini humo na mtoto mchanga. Haikuchukua muda mtoto akaanza kuhara. Bibiana alichemsha maji, akayatia katika debe safi, akasimama barabarani mpaka lori la mkonge likapita. Dereva wake alikuwa Kristofa, mtu mzima wa Muheza. Alimpakia mbele, akamwinulia debe lake kwa mikono miwili lisimwagike, wala hakutaka kitu. Toka siku hiyo Bibiana akawa anakwenda mara kwa mara. Watoto wengine wa kambini walizikwa. Mtoto wa Ruthi alibaki mifupa na macho, lakini alibaki.

"Tadeo," Bibiana alimwambia siku moja mbele yetu, "zungumza basi na wakubwa wako pale kazini. Hata pipa moja la maji mazuri lipelekwe."

"Mimi ni nani wa kuzungumza? Tumwombe Mungu."

Gramafoni lilikuwa limeshafika. Lilikaa juu ya meza limefunikwa shuka, naye akatuambia ameazima.

Ikaja harusi ya Asmahani, binti wa Bi Mwanamkasi. Mnajua desturi yetu: chakula cha bwana harusi hupelekwa kwao kwenye masinia, na kila sinia hufunikwa kawa. Makawa yale hutazamwa kuliko hata chakula, wanawake wa upande wa pili huyashika na kuyageuza na kuuliza nani kasuka. Bibiana alitaka kumlipa mwalimu wake heshima. Akamsukia kawa kubwa kuliko yote aliyowahi kusuka, manjano na buluu zikipanda kwa kuzunguka mpaka kileleni. Bi Mwanamkasi alilishika akatokwa na machozi.

"Mtoto wa milimani kanishinda," akasema. "Hili litatangulia."

Nami nilikuwa katika msafara ule. Kawa la Bibiana lilitangulia, vigelegele nyuma yake, na kwa bwana harusi tukapokewa vizuri. Mjomba wa bwana harusi, Fundi Uweso, alikuwa ameketi karibu na mlango. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza pampu ya kambi. Sinia ilipowekwa mbele yake hakufunua. Aliligusa kawa kwa kidole.

"Kazi nzuri hii. Nani kasuka?"

Tukajibu kwa fahari, wanawake watatu kwa mpigo: "Bibiana! Mke wa Tadeo!"

"Tadeo wa karakana?"

"Huyo huyo."

Fundi Uweso akaondoa kidole. Sinia ikafunuliwa, wenzake wakala. Yeye hakunyoosha mkono. Nilidhani anaumwa.

Baada ya harusi alikuja nyumbani na askari wawili. Alitusalimu kwa adabu, akamwomba radhi Bi Mwanamkasi kwa kuwa sasa wamekuwa jamaa na ujio wenyewe si wa heri. Kisha akaeleza. Waya wa nyumbani ni mwekundu na mweusi. Nyekundu, manjano na buluu pamoja ni waya wa mashine kubwa, na shambani hapakuwa na mashine iliyopotewa na waya kama huo isipokuwa pampu.

Askari walipekua. Shaba haikuwepo, ilikwisha kuuzwa. Maganda yalikuwepo, kikapu kizima, chini ya kitanda upande wa Bibiana.

"Ya nani haya?"

Bibiana alimgeukia mumewe. Alimtazama hivi hivi, bila wasiwasi, kama unavyomtazama mtu aliyeshika ufunguo wa nyumba yako. Alikuwa akingoja aseme.

Tadeo akasema, "Yake. Mimi mambo yake ya kusuka siyajui."

"Tadeo!"

"Afande, huyu mwanamke amekuwa akienda kambini na lori kila mara. Ulizeni majirani. Anakwenda na debe, anarudi na debe. Nani amewahi kutazama ndani? Mimi niko kazini, nitajuaje?"

Jirani zangu, nimezika watu katika maisha yangu. Lakini uso wa Bibiana saa ile siusahau. Hakulia. Alikaa kitako chini, pale pale palipo na maganda, akasema polepole, "Alikuwa mtoto wa Ruthi, Tadeo. Nilimpelekea maji." Tadeo alikuwa akitazama ukutani.

Wakamchukua Bibiana. Bi Mwanamkasi alimfunga kanga yake mwenyewe mabegani, pumu imembana.

Huko nyuma maneno ya watu yalianza. Watu wa Bi Mwanamkasi walimshauri akae mbali, binti yake ndiyo kwanza ameingia katika nyumba ya kina Uweso, asitie fitina. Akawajibu, "Mimi ndiye niliyemtia ukindu mkononi. Nikae mbali na nani?" Akavaa buibui akaenda barabarani, akasimama juani palepale alipokuwa akisimama Bibiana, mpaka lori la Kristofa lilipopita.

Siku ya kesi baraza la hakimu lilijaa. Tadeo alikuwa amevaa shati la pasi. Akayarudia maneno yake: debe, lori, safari za kambini. Akaongeza kuwa huenda mkewe alimwibia ufunguo wa kibanda cha pampu mfukoni mwake, amelala. Alisema vizuri, na nikaona vichwa vikitikisika kumkubalia. Bibiana, kwa kosa lile, alikuwa anakwenda jela, na watu wa kambini waliokuja wakamtazama kama muuaji wa watoto wao.

Bi Mwanamkasi akaapa, akasema aliona kila gunia likiingia juu ya baiskeli ya Tadeo. Hakimu akamuuliza kama aliona ndani ya gunia siku lile la manjano lilipoingia. Mama wa watu akasema hapana, aliuona waya ulipokwisha kutandazwa juu ya bati tu. Tadeo akatabasamu.

Ndipo akaitwa Kristofa. Alisimama kofia mkononi.

"Unamjua mwanamke huyu?"

"Namjua. Nimempakia mara nyingi."

"Na debe lake?"

"Na debe lake. La kwenda nililinyanyua mimi, lilikuwa maji. La kurudi lilikuwa tupu, aliliweka miguuni pangu likawa linagonga njia nzima."

"Ulianza lini kumpakia?"

Kristofa akashangaa swali lenyewe. "Baada ya pampu kusimama, Bwana Hakimu. Kabla ya hapo sikumjua. Kambini kulipokuwa na maji, angepeleka maji kwa nini?"

Fundi Uweso, aliyekuwa amekaa upande wa mashtaka, akainua kichwa, akamtazama Tadeo. Kisha akasimama bila kuitwa.

"Bwana Hakimu, hapo anasema kweli. Na mwanamke hakuwahi kufika shambani kwetu kabla ya wizi. Ufunguo wa kibanda tunao wawili. Mimi, na huyu kwa kazi ya karakana."

Hakimu akamgeukia Tadeo. Yule mcheshi hakusema na hakimu, alisema na mkewe.

"Biba," akasema, "waambie umenisamehe. Ukisema wewe watanihurumia."

Bibiana akasimama. Hakupaza sauti.

"Ungesema ni wewe, Tadeo, siku ile uani, ningekuletea chakula jela mpaka siku ya kutoka kwako. Ningepanda lori, ningekwenda kwa miguu. Sasa nani akuletee?"

Hakimu alipomwachia huru, alijitanda kanga ya Bi Mwanamkasi, akatoka nje. Ruthi alikuwa mlangoni na mtoto. Bibiana akampokea mtoto, akamweka begani, wakaondoka.

Tadeo alifungwa. Gramafoni liliuzwa kwa amri ya baraza.

MAFUNZO

Wasomaji wangu, kuambua waya si dhambi. Kuokota kilichotupwa ukakifanya kitu cha kupendeza ni kazi ya halali, na wanaoambua kwa mkono badala ya kuwafukizia majirani moshi wanastahili asante. Ubaya ulikuwa katika tamaa ya mtu mmoja aliyetaka kutazamwa barazani kwake, akakata maji ya watu wote ili atazamwe.

Lakini nawaonya zaidi juu ya lile la pili. Mwizi wa waya huiba shaba, na shaba nyingine huagizwa. Mume aliyeuchukua wema wa mkewe akaufanya ushahidi wa kumfunga, huyo alichoiba hakiagizwi kwa meli. Ukikosa, kosa ni lako, libebe. Usimtwishe aliyekuamini, maana ndiye aliyekuwa tayari kukusaidia kulibeba.

Nanyi majirani, mkiona anayewatendea mema ameshikwa, msikae mbali kwa kuogopa maneno ya jamaa. Semeni mlichokiona. Kama mlichokiona hakitoshi, mtafuteni aliyeona zaidi, hata kama ni kwa kusimama juani mkingoja lori.