Pindo la Gauni la Njano

Wanaosema majini hutembea usiku tu hawajawahi kukaa chumba cha cherehani saa sita mchana, umeme ukakatika, mashine zote nne zikanyamaza kwa mpigo, na masikio yakabaki na kile ambacho kelele ilikuwa inakifunika.

Siku hiyo kilichosikika kilikuwa vifungo. Vifungo vya plastiki, vikitikiswa taratibu ndani ya kopo la bati.

"Nani anachezea kopo?" Digrii aliuliza.

Kopo lilikuwa juu ya kabati, limefungwa, na vumbi juu ya kifuniko chake halikuwa na alama ya kidole.

Digrii si jina ambalo msichana huyo alipewa na wazazi. Alibatizwa na Ovaloki, mwanamke wa mashine ya kufungia kingo, ambaye naye aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake, kama mashine yake, haukuacha ukingo wa mtu bila kuukata. Alimbatiza siku ile Digrii alipoingia na cheti chake ndani ya mfuko wa plastiki, kama mgonjwa aliyebeba eksirei. Miaka minne ya sosholojia, barua za maombi mia na ushee, majibu ziro. Kitabu kizima cha nadharia za unyonyaji alikuwa nacho kichwani, na kazi yake ilikuwa kukata nyuzi zilizoning'inia kwenye magauni ya shangazi yake.

Shangazi huyo, mafundi walimwita Madamu. Kiwanda chake kilikuwa sebule. Kilitoa magauni ya watoto na mablanketi ya viraka, kila moja na lebo iliyosema: *Kazi ya mikono, kwa upendo.* Upendo wenyewe ulikuwa na geti la chuma, kufuli, na kikapu cha kukusanyia simu za mafundi kila asubuhi.

Digrii aliinua macho. Ukutani, kwenye msumari wake, lilining'inia gauni dogo la njano ambalo halikuguswa kwa miezi mitatu. Pindo lilikuwa limeshuka vidole vitatu.

"Ovaloki, umeligusa lile?"

"Mimi? Nina watoto, mwenzangu. Sitaki maneno na lile."

Fundi anayewajua watoto hashoni gauni bila akiba. Hukunja pindo pana, akalishika kwa mkono na uzi mwepesi, ili mtoto akirefuka mama afumue, ashushe, maisha yaendelee. Pale palipokuwa na mkunjo wa zamani hubaki mstari, upige pasi mpaka mkono uote sugu. Ukiihesabu mistari, unajua mtoto amekua mara ngapi.

Gauni la njano lilikuwa na mstari mmoja mpya. Na mtoto aliyeshonewa alikuwa kaburini.

Walimwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi cha cherehani, kwa udogo wake na kwa kuzungukazunguka. Miaka minne. Mama yake alikuwa fundi kuliko wote mle ndani, mwanamke wa mishono midogo na maneno machache zaidi. Siku ya oda ya magauni thelathini ya mahafali ya chekechea, Bobini alilala chini ya meza ya kukatia, juu ya blanketi la viraka, akichemka kwa homa. Kitambaa kibichi kilikauka kwenye paji lake, kikitoa harufu ya nguo yenye maji inapopigwa pasi. Saa sita mchana Mama Bobini alisimama.

"Madamu, naomba nimpeleke mtoto hospitali."

"Homa ya mtoto haijawahi kushinda kidonge," Madamu alisema, macho kwenye daftari la oda. "Maliza kola kwanza."

Mama Bobini alimbeba mwanawe hadi getini. Ufunguo alikuwa nao Digrii.

"Mdogo wangu, nifungulie."

Digrii alimwona shangazi yake dirishani. Shangazi ambaye alikuwa amemwahidi kumkutanisha na mteja wake mmoja, bosi wa ofisi fulani, kuhusu kazi. Kazi ya kweli, yenye meza na kitambulisho cha shingoni.

"Ngoja kidogo, dada," alisema. "Zimebaki tano tu."

Kola tano zilikwisha saa kumi. Bobini naye alikuwa amekwisha.

Afisa wa mtaa alipokuja, maelezo aliyaandika Digrii, maana ndiye msomi. Aliyaandika kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko mstari wa chaki: *Marehemu hakuonyesha dalili yoyote ya ugonjwa, na mzazi hakutoa taarifa kwa uongozi.* Uongozi! Sebule ya mashine nne. Afisa alisoma, akapiga muhuri, akasema wasomi wana faida.

Mama Bobini hakulia. Alilining'iniza gauni la njano alilokuwa amemshonea mwanawe, akachukua futi yake ya kupimia, akampima Madamu kwa macho kutoka utosini hadi kisiginoni, kisha akampima Digrii.

"Liacheni hapo," alisema. "Yupo wa kulivaa."

Akaenda zake.

Sasa pindo lilikuwa limeshuka, na Madamu alipoonyeshwa alicheka mpaka miwani ikateleza.

"Uzi umeoza tu. Hebu likate, ulitie kwenye lile blanketi la kichanga. Kitambaa kizuri hakilali bure."

Digrii alilikata. Viraka kumi na viwili, sawasawa kama biskuti. Akavishona katikati ya blanketi, akalikunja, akaondoka zake kulala.

Kesho yake saa sita mchana gauni lilikuwa msumarini, zima, na mstari wa pili. Walilifunua blanketi. Lilikuwa na matundu kumi na mawili ya mraba, na kingo za kila tundu zilikuwa zimeshonwa kwa mkono, mishono midogo, midogo sana, ya mtu asiye na haraka.

Ovaloki aliweka mkasi chini. "Huo mkono naujua," alinong'ona. "Na wewe unaujua."

Wiki hiyohiyo Madamu alianza kupungua.

Mwanzoni alifurahi. Alizunguka mbele ya kioo akimwonyesha Digrii jinsi sketi ilivyomlegea kiunoni. "Nibane hapa, mpenzi. Watu wanalipa jimu, mimi bure."

"Shangazi, lakini inaburuza chini."

"Si nimekwambia nimepungua?"

"Kupungua kiuno naelewa," Ovaloki alisema chinichini, nyuma ya mashine yake. "Kupungua magoti ndiyo sijasoma. Digrii, nyie chuo mlifundishwa?"

Digrii hakucheka. Mchana ule, Madamu alipokwenda kujilaza, alichukua futi, akapima gauni la njano. Akafungua daftari la vipimo, ukurasa wa shangazi yake, urefu wa bega hadi kifundo, kisha akaingia chumbani kwa kunyata akampima mwenyewe alivyolala. Alirudia mara tatu, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa utafiti. Gauni lilikuwa limeongezeka inchi sita. Shangazi alikuwa amepungua inchi sita. Kilichokatwa huku kilikuwa kinashonwa kule.

Ovaloki ndiye aliyemleta mganga, mama wa makamo mwenye pochi kubwa na simu mbili, aliyefika na vitu vyake vya kufukizia na kujiamini kwingi. Alisimama mlangoni mwa chumba cha cherehani, akanusa. Pasi zote zilikuwa baridi. Harufu ya nguo mbichi inayopigwa pasi ilijaa chumba, na juu ya kabati vifungo vilitikisika mara moja, kama mtoto anayetaka aonekane.

"Mtoto ndiye anatusumbua?" Digrii aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mtoto amelala, muacheni. Hili ni jini. Limepewa vipimo na mama mwenye uchungu, linashona." Mganga alikuwa tayari anafunga pochi.

"Sasa unakwenda wapi? Si ulitoe?"

"Mwanangu, mimi natoa majini yaliyoingia. Hili halikuingia. Lilifungiwa ndani." Akamtazama. "Nani alikuwa na ufunguo?"

Digrii aliusukuma ufunguo ndani zaidi ya mfuko. Ovaloki aliangalia ukuta.

"Na karatasi ya uongo, nani aliandika?"

"Mimi nili... niliambiwa."

"Nenda kaiandike upya. Leo. Umpelekee aliyeipiga muhuri, na mama wa mtoto awe amesimama hapo anasikia. Likisikia ukweli, litakosa kitambaa."

Leo ilikuwa Alhamisi. Na asubuhi hiyohiyo, kupitia simu ya shangazi, bosi yule alikuwa ametuma ujumbe: intavyuu Jumatatu, saa nane mchana. Mtu hawezi kukiri Alhamisi kwamba aliandika maelezo ya uongo kuhusu kifo cha mtoto, halafu Jumatatu akakaa mbele ya paneli akajieleza kuwa mwaminifu, mchapakazi, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Miaka mitano alikuwa amegonga milango. Mmoja ulikuwa umefunguka.

"Jumatatu jioni," Digrii alisema. "Plizi, mama. Siku nne tu."

Mganga alimtazama kama fundi anayetazama kitambaa kilichokatwa vibaya. "Kumbe wewe ni mtu wa kungojesha," alisema, akatoka.

Ijumaa Ovaloki hakuja kazini. Aliuacha hata mkasi wake, na fundi akisusa mkasi wake ujue ameona kitu.

Jumamosi saa sita mchana umeme ulikatika. Digrii alikuwa jikoni. Alisikia cherehani moja ikiendelea.

Alikwenda kwa hatua za mtu anayejua anachokwenda kukuta, akapita kando ya ukuta huku mkono ukipapasa, na kadiri alivyokaribia mlango ndivyo harufu ile ilivyozidi kuwa nzito na ya moto, harufu ya maji yakikauka juu ya kitu kinachowaka, mpaka akaisikia kooni, na aliposukuma mlango aliona gurudumu la cherehani ya Mama Bobini likizunguka peke yake, na sindano ikipanda na kushuka bila uzi, na chini ya meza ya kukatia, juu ya blanketi lenye matundu kumi na mawili, amelala shangazi yake, ndani ya blauzi iliyomfunika mpaka vidole vya miguu, mwili wake ukiwa umebaki wa mtoto wa miaka minne na uso ukiwa uleule wa mwanamke wa hamsini na tatu, miwani imelala karibu na sikio kwa sababu pua ilikuwa imekuwa ndogo mno kuishika.

"Nifungulie," Madamu alisema. Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. "Mwanangu, naungua. Nipeleke hospitali."

Digrii alimwinua. Alikuwa mwepesi kuliko furushi la vitambaa. Alikimbia naye hadi getini, akatia ufunguo kwenye kufuli, akauzungusha, ukazunguka, akauzungusha tena, ukazunguka tena, ukawa unazunguka tu kama gurudumu lisilo na mkanda, naye akapiga geti kwa kiganja na kupiga kelele huku watu wakipita barabarani na mizigo yao na simu zao bila hata mmoja kugeuza shingo, na nyuma yake, dirishani, pale aliposimama shangazi siku ile, lilikuwa limesimama gauni la njano, refu sasa, la mwanamke mzima, mabega yamejaa, kifua kimejaa, mistari ya pindo imepangana kutoka magotini hadi kifundoni, na juu ya kola hapakuwa na kitu.

Ila sauti ilikuwapo. Ilikuwa sauti ya Madamu mwenyewe, ile ya zamani, nene, ya kuamrisha.

"Homa ya mtoto haijawahi kushinda kidonge," lilisema. "Maliza kola kwanza."

Kufuli lilifunguka lenyewe saa kumi. Mkononi mwa Digrii shangazi alikuwa ameshapoa.

Waliozika walisema ni maradhi ya kukondesha, Mungu atuepushe. Seremala alirudisha kipimo cha jeneza mara mbili, akidhani ameandika makosa.

Jumapili jioni, waombolezaji walipotawanyika, Digrii alijikaza akaingia chumba cha cherehani. Gauni la njano lilikuwa msumarini, dogo, la Bobini, pindo limerudi juu, halina mstari hata mmoja. Alikaa sakafuni akalia kwa nafuu. Deni limelipwa na mwenye deni, alijiambia. Sasa ukweli wa nini tena, na wa kumsaidia nani? Hata hivyo alichukua karatasi, akaandika tarehe. Akaitazama tarehe. Akaweka kalamu chini. Intavyuu kwanza.

Jumatatu saa sita mchana alivaa sketi yake nyeusi, aliyoishona mwenyewe kwa siku kama hii, iliyoishia chini kidogo ya goti. Alifunga zipu, akachukua bahasha ya cheti, akapiga hatua.

Akakanyaga pindo.

Aliteremsha macho polepole. Sketi ilikuwa imefunika viatu. Alishika kiuno, ikamzunguka kama ya kuazima. Hakuwa na haja ya futi, lakini alikimbilia chumba cha cherehani akaangalia, na kule msumarini mistari ilikuwa imeanza.

Ndipo alipoandika. Aliandika amesimama, juu ya meza ya kukatia, bila *marehemu* na bila *uongozi*: mtoto alikuwa anaumwa, mama aliomba, mimi nilikuwa na ufunguo, nikamnyima. Aliandika kila kitu, akatia sahihi, akaishika sketi kwa mkono mmoja na karatasi kwa mwingine, akakimbia getini akatia ufunguo.

Ukazunguka. Ukazunguka.

"Nifungulie!" alipiga kelele. "Nimeandika! Nimeandika yote, nifungulie!"

Vifungo vilitikisika ndani ya kopo. Kutoka dirishani sauti ilimjibu kwa upole, sauti ya msichana aliyesoma, mwenye subira, asiye na ubaya na mtu. Digrii aliijua kabla haijamaliza neno la kwanza, kwa sababu ilikuwa yake.

"Ngoja kidogo, dada. Zimebaki tano tu."